Viamuzi vya kijamii vya afya: kwa nini jino la mama hung'olewa badala ya kuzibwa

"Mbona umechelewa hivi, mama?" Mwanamke mwenye shavu lililovimba hulisikia swali hilo mara tu anapofungua mdomo mbele ya daktari wa meno. Akitaka kulijibu sawasawa, asubuhi nzima haitatosha. Jibu lake ndilo wataalamu waliloliita viamuzi vya kijamii vya afya: hali ambamo mtu anazaliwa, anakua, anafanya kazi na kuzeeka, pamoja na fedha na mamlaka zinazozifanya hali hizo ziwe zilivyo. Jina hilo lilienea sana mwaka 2008, tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, mtafiti Mwingereza wa afya ya jamii, ilipotoa ripoti yake. Ni jina zito kwa jambo linaloonekana sokoni kila siku.

Tuseme mama anauza nyanya Busia, upande wa Uganda, mpakani ambapo bei hupatanwa kwa Kiswahili. Alfajiri anakunywa chai ya sukari kwa mandazi. Saa nne chai tena, mchana soda. Kinacholiumiza jino zaidi ni idadi ya mara sukari inapopita mdomoni. Kila ikipita, vijidudu huigeuza kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa hivi, pengine zaidi, kuituliza. Anayeonja kidogo kidogo kutwa hayapi mate nafasi hiyo. Utamwambia aache soda na chai ya sukari. Sawa, aache, lakini kikombe hicho cha chai ndicho kinachomfikisha jioni bila kuiacha meza yake.

Tundu likianza haliumi, na hapo ndipo lingezibwa kwa urahisi. Nani atafunga biashara kwa ajili ya jino lisilouma? Siku ya kufunga ni siku isiyo na mauzo. Kwa hiyo anaweka karafuu, anameza vidonge vya maumivu, wiki zinapita. Uganda iliondoa ada za matibabu katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini nauli ya bodaboda ilibaki, foleni ilibaki, na mara nyingi vifaa vya kuzibia vimekwisha. Koleo la kung'olea halikosekani. Kliniki ya binafsi inaziba, ila kuziba huko ni ghali kuliko kung'oa. Jino ambalo lingeweza kuokolewa linaishia kwenye kisahani.

Hayo yangempata hata mwanamume. Kwa mwanamke inaongezeka mimba. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uvimbe na kutoka damu upesi, na matapishi ya asubuhi huleta asidi ya tumboni hadi kwenye meno (asukutue kwa maji kwanza, angoje kidogo ndipo apige mswaki). Wazee husema kila mtoto huondoka na jino la mama yake, kwamba mtoto hunyonya kalsiamu ya meno. Si kweli, meno hayatoi kalsiamu kumpa mtoto. Lakini siwacheki wanaosema hivyo, maana wanahesabu mapengo wanayoyaona, na mapengo yapo.

Kinachoniudhi ni kwamba mama huyu si mtu wa kutafutwa porini. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulikuta asilimia 97 ya wanawake waliojifungua nchini walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito kwa mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja. Amepimwa presha, damu na tumbo, mdomo ukabaki umefungwa. Kwa mpangilio wa kawaida kliniki hiyo iko katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, na mtaalamu wa meno anaanzia ngazi ya nne. Kati ya ngazi hizo mbili kuna bodaboda nyingine, na siku nyingine ya kutouza.

Halafu kuna ruhusa. Mume si lazima awe katili. Pesa ya nyumba ina foleni yake: mtoto mwenye malaria, karo, kodi, unga, kisha jino la mama. Na yapo meno yaliyovunjwa kwa ngumi, mwenyewe akifika kituoni anasema alianguka. Pengo la mbele nalo linamfuata hata akitafuta kazi ya dukani au hotelini, ambako mwajiri anataka mtu wa kuchekea wateja.

Dawa ya meno yenye floridi, madini yanayokinga meno yasitoboke, iliingia mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ileile yenye dawa za malaria. Mtaani bado inakaa rafu moja na sabuni, na mwenye pesa ya kitu kimoja huondoka na sabuni.