Ofa ya kazi ya teknolojia na sharti la kuhama: tunayoambiana barazani na ukweli wake

Wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaofanya mambo ya programu, data na mitandao, naona mtu kapata ofa nzuri mashallah, iwe Dar, Nairobi, Dubai au Berlin, na ndani ya ile barua upo mstari unasema muajiriwa atatakiwa ahamie mji fulani kabla ya tarehe fulani, na mtu anaupita tu kwa sababu macho yote yako kwenye mshahara. Mwezi wa pili ndo tabu inaanza. Na mara nyingi wala si ubaya wa kampuni, ni maneno tunayopeana wenyewe kwa wenyewe ambayo siyo. Nayaweka hapa yale ninayoyasikia zaidi.

Dhana: ofa ni kuchukua au kuacha, ukianza maswali wataifuta

Hii ndo inayotuumiza kuliko zote. Sisi tumelelewa kuona haya kumuuliza mtu habari za pesa, HR, yaani watu wa kampuni wanaoshughulikia ajira, akiuliza "uko tayari kuhama?" jibu linatoka lenyewe, "inshallah hakuna tabu", na pale pale ushakubali kila kitu bila kujua umekubali nini. Ukweli ni kwamba kampuni mpaka ikuandikie ofa ishakuhoji mara kadhaa, wahandisi wao wameacha kazi zao kukaa na wewe, wamekataa watu wengine, wakikukosa wanaanza upya. Swali la adabu kuhusu nauli na nyumba ni jambo wanalolitarajia, kampuni kubwa nyingi zina fungu maalumu la kuhamisha watu na hawakutajii mpaka uulize.

Kinachoharibu ni mpangilio. Ukishasaini na ukashaacha kazi yako ya zamani, halafu ndo unakuja na habari ya kodi ya nyumba, hapo huna tena pa kushikia. Anza kwa kusema kazi unaitaka kweli, kisha sema kuna mambo ya kuhama unaomba myaweke sawa kabla ya saini, na barua ya kuacha kazi usiipeleke kwa muajiri wako wa sasa mpaka mkataba mpya uko mkononi umesainiwa pande zote mbili, hata kama huyo wa kwenye simu anakuhimiza vipi.

Dhana: sharti la kuhama jibu lake ni ndiyo au hapana

Hapana, lina vipande vingi na kila kipande kinazungumzika: tarehe ya kuhamia, siku ngapi kwa wiki unatakiwa ofisini, kama unaweza kuanza miezi ya probesheni, yaani ya majaribio, ukiwa nyumbani halafu ukahama ukishathibitishwa, nani analipia nini, familia inakwenda lini. Lakini kabla hujagusa hata kipande kimoja uliza sababu. Uliza hivi tu: sharti hili linatokana na nini?

Kwa sababu jibu lake ndo linakwambia uombe nini. Wakisema ni sheria, yaani hawana kampuni iliyosajiliwa Tanzania na hawawezi kukulipa mshahara wala kukukatia kodi ukiwa huku, basi hata ulie vipi meneja hawezi kukupa ruhusa, ila unaweza kupendekeza wakuajiri kupitia kampuni zile zinazoajiri watu kwa niaba ya makampuni ya nje, au mkataba wa kujitegemea, na ukiwa wa kujitegemea ujue kodi na hifadhi ya jamii inaweza kuwa juu yako mwenyewe, kwa hiyo malipo lazima yawe makubwa zaidi. Wakisema ni usalama wa data za mteja, labda benki hairuhusu kompyuta yake itoke nje ya nchi, hilo nalo ni gumu. Lakini wakisema "timu inapenda kuwa pamoja", hapo pana nafasi kubwa, omba kwenda wiki moja kila mwezi, au miezi mitatu ya mwanzo ukae nao halafu urudi. Wengi wanabishania sharti bila kujua limetoka wapi, wanaomba lisilowezekana na kuacha lililowezekana.

Na kuhama si lazima kuwe kwa sisi kwenda kwao, serikali ya Zanzibar ilianzisha mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022 kuvutia kampuni za teknolojia zije kukaa hapa, kule Fumba, Unguja, na kadhalika. Muajiri anayejua hilo anaweza kukusikiliza kwa sikio jengine.

Dhana: Dar ni hapo tu, hiyo si kuhama

Wallahi hii inanikera. Eti kwa kuwa boti ni kama saa mbili basi mtu wa Unguja akiajiriwa Dar anaonekana kama anahama mtaa, kampuni haimpi kitu na mwenyewe haombi kitu. Sasa hebu tuhesabu. Mwenye nyumba Dar mara nyingi anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, dalali naye anataka ya kwake ambayo kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, hujanunua jiko wala godoro, na mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi. Mtu anaanza kazi nzuri kwa deni la ndugu. Kwa hiyo hapa la kuomba si nauli ya boti, ni mkopo usio na riba wa kodi ya nyumba unaokatwa kidogo kidogo, au malazi ya mwezi wa mwanzo wakati unatafuta nyumba kwa utulivu. Wa Pemba ndo zaidi, yeye kurudi kwao wikiendi si jambo la kuamua Ijumaa jioni, na kusi likichafuka bahari yenyewe unaijua.

Halafu kuna sheria, na hapa naomba msome taratibu. Ukivuka maji sheria ya kazi inabadilika. Huku tuna Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005, bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na hiyo ya bara inamtaka muajiri aandike kwenye maelezo ya ajira mahali ulipoajiriwa na mahali pa kufanyia kazi, ni vitu viwili tofauti. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu sheria hiyo hiyo inasema mkataba ukivunjwa mahali ambapo sipo ulipoajiriwa, muajiri anatakiwa akusafirishe wewe na vyombo vyako kurudi ulipoajiriwa, au akulipe gharama yake, na pia pesa ya kujikimu kwa siku unazosubiri. Sasa kama umefanyiwa intavyuu na kupewa ofa ukiwa Chake Chake, Pemba, halafu kwenye mkataba wameandika umeajiriwa Dar es Salaam na wewe umesaini, siku ya kuondoka utarudishwa wapi? Mstari mfupi tu huo, omba usahihishwe, na hakuna HR atakayeona ajabu.

Uliza na ya hifadhi ya jamii, maana mfuko wa huku ni ZSSF na kampuni binafsi ya bara itakuandikisha kwenye mfuko wa bara, NSSF, ujue mapema michango yako ya zamani inakaaje.

Dhana: wakisema watalipia kuhama basi yamekwisha

Ndo kwanza yanaanza. "Tutalipia" ina namna kama tatu. Kuna wanaokupa pesa taslimu kwa mkupuo uipange mwenyewe. Kuna wanaosema tumia zako, lete risiti, tutakurudishia, na hii kwa kijana asiye na akiba ni sawa na kutolipwa, kwa hiyo ukiambiwa hivyo omba angalau tiketi na malazi wayalipe wao moja kwa moja. Na kuna wanaokodisha kampuni ya kuhamisha ifanye kila kitu. Uliza ni ipi, kiwango cha juu ni kiasi gani, na inatoka lini, kabla ya safari au baada ya mshahara wa kwanza. Ujerumani kwa mfano sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana mpaka kodi ya miezi mitatu, sasa pesa ikija mwisho wa mwezi wa pili itakusaidia nini.

Jengine ni kodi ya serikali. Usidhani pesa ya kuhama inakufikia nzima. Marekani tangu 2018 pesa hiyo inahesabiwa kama mshahara na inakatwa kodi, ndo maana wanaojua wanaomba muajiri aongeze juu ili kinachobaki mkononi kiwe kile kile mlichokubaliana. Kila nchi ina yake, uliza tu hivi: kiasi hiki ni kabla au baada ya makato?

Na kipengele cha kurudisha. Karibu kila kampuni inayolipa inaandika ukiacha kazi kabla ya mwaka au miaka miwili urudishe. Ni haki yao, ila omba mambo mawili. Kwanza deni lipungue kila mwezi, yaani kama ni miezi 12 na wewe umeondoka baada ya tisa, urudishe robo tu na si zote. Pili iandikwe wazi kwamba ukipunguzwa kazi wao ndo wamekutoa, kwa hiyo hurudishi kitu, maana kampuni za teknolojia zinapunguza watu hata waliokuja juzi.

Dhana: gharama za viza ni za mfanyakazi

Inategemea nchi, lakini kwa wenzetu wanaokwenda Dubai na Abu Dhabi nasema kwa sauti: sheria ya kazi ya Emirates iliyoanza Februari 2022 inamkataza muajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumuajiri, si moja kwa moja wala kwa kuzungushia. Wakala akikwambia leta pesa ya viza kwanza, simama hapo hapo. Nairobi tunaingia bila viza, ila kuingia si kufanya kazi, kibali cha kazi kinahitajika, na hakikisha mkataba unasema nani anakishughulikia na itakuwaje kikichelewa.

Dhana: ukiwa kisiwani usiombe kufanya kazi kutoka nyumbani, umeme na intaneti vitakuumbua

Muajiri wa nje akitafuta habari za umeme wa Zanzibar anakutana na ile miezi mitatu ya giza Unguja, mwisho wa 2009 mpaka 2010. Hajui kuwa waya mpya wa megawati 100 wa chini ya bahari ulizinduliwa 2013, wala kuwa Pemba imeungwa na Tanga tangu 2010. Usimwambie "hakuna shida", mpe ushahidi: una faiba na laini ya simu ya akiba, una betri inayobeba kazi masaa kadhaa, na kasi ya intaneti umeipima asubuhi na usiku kwa wiki nzima. Na saa zetu ni hoja nzuri kuliko watu wanavyofikiri, Berlin tunawatangulia saa moja majira yao ya joto na mbili majira ya baridi, yaani siku ya kazi ni karibu ile ile.

Dhana: habari za mume, mke na watoto usizitaje

Kwenye intavyuu sawa, si kazi yao. Ofa ikishakuja taja, hasa dada zangu mnaoogopa kuonekana mna mizigo. Mwaka wa skuli hapa unaanza Januari, kuomba tarehe ya kuanza isogezwe ili watoto wasikatishwe katikati ni ombi la kawaida kabisa. Viza ya mwenza nayo, iulizwe kama anaruhusiwa kufanya kazi huko au atakaa ndani tu.

Dhana: kaniambia kwa simu, inatosha

Aliyekwambia anaweza kuhama kampuni kabla yako. Mkimaliza mazungumzo muandikie imeili siku hiyo hiyo, orodhesha mlichokubaliana, muombe akiingize kwenye mkataba. Na ukiusoma huo mkataba utafute kile kipengele kinachosema kampuni inaweza kukupeleka kituo chochote itakachoona kinafaa, kinakaa kurasa za nyuma na watu hawakifiki. Omba waongeze kwamba kabla ya kuhamishwa tena utashauriwa kwanza, utapewa notisi ya miezi miwili kwa maandishi, na gharama zote za kuhama zitakuwa za kampuni.