Umbali wa angani na muda wa safari: mfano wa Tromsø na Longyearbyen

Kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwe, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ni takriban kilomita 960. Barabara hakuna. Katikati ni bahari, na njiani kuna kisiwa kimoja kidogo, Bjørnøya. Kwa hiyo hizo 960 ni umbali wa angani, yaani urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili vya ndege. Njia hiyo huitwa duara kuu, kwa kuwa ukiiendeleza itaizunguka dunia nzima na kuikata nusu kwa nusu.

Kwa viwanja hivi huhitaji hata kompyuta. Tromsø iko karibu nyuzi 69.7 za latitudo, Longyearbyen 78.25, na longitudo zao zimepishana nyuzi tatu na nusu hivi. Ndege inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Maili ya baharini, mita 1,852, ilitokana na dakika moja ya latitudo, na kila nyuzi ina dakika 60. Basi nyuzi 8.55 ni maili 513, sawa na kilomita 950. Mshazari wa kuelekea magharibi unaongeza chache tu.

Chache, kwa sababu huko juu mistari ya longitudo imebanana. Aliyezoea Nanyuki, pale ikweta inapopita, anajua nyuzi moja ni kama kilomita 111 upande wowote. Tromsø nyuzi moja ya longitudo haifiki 40. Longyearbyen ni kama 23. Ukipiga hesabu ya ikweta huku utavuka 1,000 bure.

Ramani ya ukutani nayo inadanganya zaidi. Tazama Tromsø na Utqiagvik, Alaska. Zote ziko karibu na latitudo ya 70, na kwenye ramani utadhani unapaswa kwenda magharibi tu, ukiufuata mstari. Ukifanya hivyo utasafiri kama kilomita 6,500. Duara kuu linapita jirani na ncha ya kaskazini, nalo ni kama 4,300.

Tuje kwenye muda. Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 830 kwa saa ingemaliza 960 kwa saa moja na dakika kumi hivi. Ratiba lakini huandika kama saa moja na dakika arobaini, na hakuna aliyekosea. Saa ya ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama upande wa pili. Humo mna kutembea hadi njia ya kurukia, pengine kumwagiwa dawa ya kuondoa barafu kwenye mbawa, kupanda, kushuka, na upepo wa siku hiyo. Bahati nzuri, pande zote mbili hutumia saa ya Norwe, kwa hiyo unatoa tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Kukaguliwa pasi hakumo. Svalbard ni ya Norwe lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi kati yao, hivyo foleni hiyo ihesabu mwenyewe. Hali ya hewa pia haimo: ukungu ukifunika Longyearbyen, rubani anaweza kugeuza, ukawa umeruka karibu kilomita 1,900 na bado uko Tromsø.