Povu la Waridi Ndani ya Rejeta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwenye pikapu ya zamani ya gia za otomatiki anapofungua rejeta iliyopoa na kukuta povu zito la rangi ya waridi, jambo la kwanza analoambiwa gereji ni kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua. Si lazima iwe hivyo. Oili ya injini ikichanganyika na maji hufanana na chai ya maziwa, ilhali oili ya gia za otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, na hiyo ndiyo inayotoa waridi. Katika tangi la rejeta umelazwa mrija wa kupoozea oili ya gia boksi; ukitoboka, vimiminika viwili hukutana bila tone hata moja kuanguka chini. Pikapu za Nissan Frontier za modeli za 2005 hadi 2010 zilivuma Marekani kwa hitilafu hiyo, hata kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta.

Wapo wanaojifariji kwamba oili ndiyo iliyoingia kwenye maji, kwa hiyo gia boksi imesalimika. Injini inapofanya kazi, pampu ya gia boksi huweza kweli kuisukuma oili upande wa maji, lakini injini ikizimwa pampu husimama papo hapo, huku rejeta ikiwa bado moto na yenye presha, na sasa maji ndiyo yanayosukumwa kwenye oili.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni kwamba kumwaga oili na kuweka mpya kunatosha. Kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na gia boksi, na kwenye mirija. Kibaya zaidi ni glaikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), ambayo hulegeza gundi inayoshikilia bitana za msuguano kwenye sahani za klachi zilizomo ndani ya gia boksi. Gari likishaanza kutetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta madogo, huku dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, kusafisha pekee mara nyingi hakuliponyi.

Rejeta ibadilishwe kabla ya kusafisha chochote, au oili ipelekwe kwenye kipoozeo cha nje kinachofungwa mbele ya rejeta. Wanaodai kwamba kipoozeo hicho huifanya oili iwe baridi kupita kiasi wana hoja kwenye nchi za theluji. Dodoma hoja hiyo haina uzito. Na gari hilo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.