Bandeji ya goti haifungwi kifuani

Julai hii, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, aliingia karakanani kijana mwenye sweta na koti juu yake, anapumua kwa vipande. "Shikamoo, dokta." Mimi si daktari, ni fundi wa viungo bandia na mikanda ya tiba, ila kusahihisha hilo nimeshachoka. Ni mwanaume wa trans, yaani alihesabiwa msichana alipozaliwa, kama wawili waliomtangulia mwaka huu, na kama wao alikuwa amejizungushia bandeji ya kuvutika kifuani, juu yake soltepu ya kahawia. Niliikata bandeji kwa mkasi kuanzia kwapani. Michirizi iliyobaki ungedhani amelalia mkeka.

Wote wananiambia neno lilelile: bandeji inabana zaidi, kwa hiyo kifua kinalala vizuri zaidi.

Jamani. Goti halipumui. Kifua hutanuka kila unapovuta hewa, na ukiitoa hewa, bandeji inafuata ndani, mizunguko inateleza na kukazana, mpaka mbavu zinakosa pa kwenda. Ndiyo maana wanakuja na maumivu ya mgongo, malengelenge na pumzi fupi. Mbavu nazo zinaweza kuvunjika. Soltepu yenyewe huondoka na ngozi. Hata soketi ya mguu bandia ikikaza kupita kiasi inatengeneza kidonda kwenye kigutu, na hakuna anayeiita imara.

Binda, ile fulana ya kubana kifua, ina kitambaa kisichovutika mbele na kinachovutika nyuma. Jipime kwa futikamba, uchukue saizi yako, si ndogo yake. Isizidi muda wa saa nane kwa siku, usilale nayo, usipande nayo mlima Loleza. Ukishikwa na kikohozi cha kipupwe, ivue mpaka upone. Kipimo changu mwenyewe: piga miayo. Miayo ikikatikia njiani, imebana mno.

Uume wa silikoni, ule wa kuvaa ndani ya nguo, nao wanautia jiki. Sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu vinatosha, uanike kivulini.

Wengine wanadhani uume wa operesheni husimama wenyewe. Mara nyingi hujengwa kwa ngozi, mishipa ya damu na ya fahamu kutoka mkononi, mbinu iliyoelezwa na madaktari wa China mwaka 1984. Hauna ile nyama ya sponji ya kujaa damu, kwa hiyo ili usimame huwekewa kipandikizi, mara nyingi cha silinda na pampu, kwa operesheni nyingine, miezi mingi baadaye hisia zikisharudi. Silinda hushikizwa kwenye mfupa wa kinena, na kifaa kikiharibika kinabadilishwa. Wanaoniuliza mimi bei ya pampu wamekosea mlango. Karakana haipasui mtu.

Na testosteroni, homoni ya kiume wanayotumia baadhi yao, si uzazi wa mpango. Hedhi ikikoma, yai bado linaweza kupevuka, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba iliyoingia. Anayeweza kupata mimba na hataki, atumie kinga.