Lenzi za picha za watu kwenye ukumbi wenye giza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika sherehe moja ya kumuaga binti, bibi harusi mtarajiwa alipomlisha mama yake keki niliwapiga kwa lenzi ya 85mm, tundu la lenzi nimelifungua hadi f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi). Kwenye kioo cha kamera picha ilipendeza. Nilipoifungua kwenye kompyuta, kope za binti zilihesabika moja moja, lakini uso wa mama ulikuwa ukungu. Tukio lile halirudiwi, na bado linaniuma.

Dhana: Ukumbi ukiwa na giza, nunua lenzi yenye namba ya f ndogo kuliko zote na uifungue mpaka mwisho.

Kati ya f/1.4 na f/1.8 tofauti ya mwanga haifiki stopu moja (hatua ya kuongeza mwanga maradufu). Ni kama theluthi mbili tu. Pandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) kutoka 3200 hadi 5000, umeshaifidia. Bei ndiyo inayoruka, mara nyingi zaidi ya maradufu.

Tena kuna suala la kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, ambalo wauzaji hawaligusi. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, 85mm kwa f/1.4 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa) inakupa kama sentimita 5 tu zilizo kali. Mama na binti wanaolishana keki hawaenei humo, labda nyuso zao ziwe sambamba kabisa. Siku hizi narudi nyuma hadi mita 3 na kufunga tundu hadi f/2.8, napata kama sentimita 20. Stopu mbili ninazopoteza nazirudisha kwa ISO, au kwa fleshi niliyoielekeza darini kama dari ni jeupe. f/1.4 naiweka kwa uso mmoja uliotulia: bibi harusi akisubiri mlangoni, au bibi mzaa mama akisikiliza nasaha.

Dhana: 50mm huharibu uso, lenzi ya watu ni 85mm.

Kinachoharibu uso ni umbali. Ukimsogelea mtu mno, pua hukua kwa lenzi yoyote ile. Halafu angalia sensa yako, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kwenye kamera ya APS-C, yenye sensa ndogo kuliko fremu kamili, picha hukatwa pembeni: 50mm huona kama 75mm, au 80mm kwa Canon; 85mm inafika 130mm hivi. Kwenye ukumbi uliobanwa na meza, huku mashangazi wanakuja na zawadi wakicheza, utaegemea ukuta na bado hawataenea kwenye picha. Kwa mwenye kamera ya namna hiyo, ningemshauri aanze na 50mm f/1.8. Ile ya Canon iitwayo STM ina gramu 160 tu, mkono hauchoki hadi usiku wa manane.

Dhana: Lenzi yenye kitulizi (kifaa kinachopunguza mtikisiko) haihitaji shata ya kasi.

Kitulizi hutuliza mikono yako. Anayecheza hakimgusi. Kwa dansi weka kasi ya shata 1/200 ya sekunde au zaidi.

Dhana: Chenga (vidoa vidogo vinavyotokea ISO ikipanda) ni mbaya kuliko yote, usivuke ISO 1600.

Chenga hupunguzwa kwa programu, na picha ikichapishwa kwenye albamu, nyingi hazionekani. Uso uliotikisika hauna dawa.

Dhana: Picha zikiwa na mistari ya giza, lenzi ni mbovu.

Nimeona mtu akitaka kuuza lenzi nzima kwa sababu hii. Umeme wetu ni wa 50Hz, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera inaona, hasa kwa shata ya kielektroniki (isiyotumia pazia). Fika mapema, tumia shata ya kimakanika (ya pazia), upige ukuta mara kumi kwa 1/200. Mistari ikijitokeza, shuka hadi 1/100, inayolingana na mpepeso mmoja wa taa, na muziki ukianza washa fleshi, maana 1/100 peke yake haitoshi kwa wanaocheza.