Kabla Hujasema Tairi Ni Bovu, Toa Upepo

Kila nikiandika tathmini ya tairi la baiskeli ya mlima, baada ya siku chache ujumbe unaingia: "Bosi, lile tairi ulilolisifu nimelinunua, linateleza vibaya sana. Walikulipa ngapi?" Huwa nauliza swali moja tu: umejaza PSI ngapi, yaani kile kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi? Jibu halibadiliki. Hamsini. Wakati mwingine sitini. Na kwa nini hamsini? "Si imeandikwa pale ubavuni?"

Wa juzi ana kilo 65, tairi lake ni la inchi 29 kwa upana wa 2.35, na alikuwa anateremka vilima vya Ngong kwenye changarawe. Hamsini! Basi leo naandika kila kitu hapa, nikiulizwa tena ninatuma linki.

Tuanze na hiyo namba ya ubavuni. Ni kikomo. Inakwambia kwamba ukiipita na tairi likachomoka kwenye rimu, usimtafute mtengenezaji. Haikuombi ujaze mpaka hapo. Rimu nayo ina kikomo chake, ambacho mara nyingi kiko chini ya kile cha tairi, na sijawahi kukutana na mteja aliyekisoma.

Imani ya kwamba tairi gumu ndilo linalokimbia haikuzuka tu. Wengi wetu tumejifunza baiskeli kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, tairi jembamba, nyuma kuna mtungi wa maziwa au gunia la viazi. Kwa mzigo ule fundi alikuwa sahihi kabisa kupampu mpaka jasho limtoke. Shida ni kwamba tumeichukua sheria ya gunia tukaipeleka msitu wa Karura kwenye mizizi, juu ya tairi pana zaidi.

Tairi linapobingirika, mpira na kitambaa chake hupinda pale linapogusa ardhi, kisha hunyooka linapoachana nayo. Kila kupinda kunakula nguvu kidogo, na nguvu hiyo inaishia kuwa joto. Ukiongeza upepo linapinda kidogo, unaokoa. Hapo wenzetu wa tairi gumu wana haki, na kwenye lami ya Thika Road sina ubishi nao. Lakini njia ya msituni ina mlaji wa pili. Tairi gumu likikuta jiwe la ukubwa wa ndimu haliwezi kulimeza, linalipanda. Likilipanda linainua baiskeli, na baiskeli inakuinua wewe, kilo zako zote. Nguvu ya kukuinua imetoka wapi? Kwenye mwendo wako. Ukishuka upande wa pili hairudi yote, inapotelea kwenye viwiko, mapaja, na tumbo linalotikisika. Sasa zidisha kwa kila jiwe na kila mzizi mpaka chini. Tairi lenye upepo wa wastani linabonyea juu ya jiwe lile lile, na ekseli inapita karibu kwenye usawa ule ule.

Kinachowadanganya watu ni mtetemo. Mikono ikitetemeka unahisi unaruka, tairi likitulia unahisi umelala. Saa inasema vingine.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu hulipita mbio: kulipima hili njiani ni kazi yenye uchafu mwingi. Maabara hukandamiza tairi juu ya ngoma ya chuma inayozunguka, kwa uzito uliopangwa, halafu wanasoma nguvu iliyopotea. Ngoma haijakaliwa na mtu mwenye tumbo. Ndiyo maana chati za ngoma laini huonyesha kwamba kila ukiongeza upepo mambo yanakuwa mazuri zaidi, na watu hunitumia chati hizo kana kwamba wamenifunga mdomo. Mimi hutumia kipande cha mteremko wa changarawe: naachia breki bila kukanyaga pedali, mkao ule ule, halafu naweka alama baiskeli inaposimama. Upepo wa nje ukivuma, matokeo yameharibika. Nikiinua kifua kidogo, yameharibika. Mpira wa asubuhi yenye baridi hauendi sawa na wa saa saba mchana. Tofauti ya PSI 22 na 24 siioni kwa njia hii, na anayekwambia anaiona kwa njia kama yangu anakuuzia kitu. Lakini 24 na 45? Hiyo huhitaji hata futi ya kupimia.

Kuhusu kushika ardhi nitasema kifupi. Tairi gumu linagusa eneo dogo, na meno yake hayapati nafasi ya kufuata umbo la ardhi. Kupanda mlima wa changarawe, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Imeisha hiyo.

Sasa tuje kwa kinachoniudhi kuliko vyote: kidole gumba. Mtu analibonyeza tairi, anatikisa kichwa, "hili halina upepo." Ndugu yangu, kidole chako kinapima ugumu wa ukuta wa tairi, na upepo kwa mbali. Chukua tairi la mteremko lenye ukuta wa tabaka mbili, weka 20. Chukua tairi jepesi la mbio, weka 26. Bonyeza yote mawili. Lile la 20 linaweza kuonekana gumu zaidi. Ukiwa umezoea mojawapo kisha ukabadilisha, kidole kitakupotosha kila siku.

Geji ya pampu nayo ina visa vyake. Pampu nyingi za kusimama zina geji yenye namba zinazofika PSI 160, kwa sababu zilikusudiwa matairi membamba ya lami. Eneo tunalolihitaji sisi, kati ya 18 na 30, limebanwa kwenye pembe ndogo pale mwanzoni, na mshale wenyewe ni mnene kama mstari wa PSI mbili. Ikikosea kwa 5 kwenye tairi la PSI 100, ni asilimia 5, hutajua. Ikikosea kwa 5 kwenye 22, umekosea karibu robo nzima. Nunua geji ndogo ya mkononi inayoishia 30 au 60. Hata kama nayo inadanganya kidogo, inadanganya vile vile kila siku, na hilo ndilo la maana: yako ya leo ilingane na yako ya jana. Ndiyo sababu sipendi kuulizwa "wewe unaweka ngapi?" Namba yangu imetoka kwenye geji yangu, uzito wangu, rimu zangu.

Na ule mlio wa "psss" ukichomoa bomba, usikutie wasiwasi. Hewa hiyo karibu yote ni ya kwenye bomba.

Kwenye pancha wapenzi wa tairi gumu wana hoja ya kweli, nusu. Kama una tyubu ndani na upepo ni mdogo mno, ukigonga jiwe kwa kasi rimu inaibana tyubu na kuacha matobo mawili yaliyopangana. Kwa hiyo wenye tyubu jazeni kidogo zaidi. Miiba ya migunga, kwa upande wake, haijali PSI, itaingia tu. Ukiwa umeondoa tyubu na kutia dawa ya kuziba, upepo mwingi unakuumiza, kwa sababu unairusha dawa nje kabla haijaganda kwenye tundu. Na kwa joto letu dawa hukauka upesi, iangalie kila miezi miwili mitatu. Kule Hell's Gate kuna vipande vya mawe meusi ya kioo, yale ya volkano. Hayo yanakata ukuta wa tairi, na hakuna dawa wala PSI itakayokusaidia isipokuwa ukuta mnene.

Kuna jambo jingine wachache hulifikiria: mwinuko. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Jaza 25 Mombasa, panda na tairi lako mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, ambako hewa ya nje imepungua kwa karibu PSI 3. Kama joto halikubadilika geji itasoma karibu 28; Nairobi kukiwa na baridi yake ya Julai utaona 26 hivi. Na wale mnaotoa upepo wote kabla ya kupakia baiskeli kwenye ndege mkihofia mlipuko: hata kusikokuwa na hewa kabisa, tairi la 25 lingesoma kasoro kidogo ya 40. Yaani bado liko chini ya hilo la hamsini unaloliendesha Ngong.

Tairi likiwa gumu mno, hata shoki ya mbele inasingiziwa. Vile vijiwe vidogo vya haraka haraka havitoshi kuisukuma shoki ishinde msuguano wa sili zake. Ni kazi ya tairi kuvimeza. Nimeletewa shoki nzima "iliyokufa" ambayo dawa yake ilikuwa kubonyeza valvu kidogo.

Pa kuanzia, kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la 29 kati ya 2.3 na 2.4: bila tyubu, mbele 21 au 22, nyuma 24. Ukiwa na tyubu, mbele 28, nyuma 30. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Kisha shuka PSI moja moja kwenye njia ile ile. Ukisikia rimu inagonga mawe, au tairi linayumba kwenye kona, au linacheua upepo pembeni, umeshuka mno; rudisha mbili.

Halafu niandikie. Niambie uzito, upana wa tairi, PSI ya mbele na ya nyuma, na geji gani. Kama bado linateleza kwa 22, nitakuamini, maana matairi mabovu yapo, na mengine nimeyasifu wenzangu wakiyakataa.