Mkojo, udongo na kazi ya baba: dhana potofu kuhusu utafiti wa vyuo Lubumbashi

Ukikaa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo (DRC), utayasikia haya kuhusu utafiti wa vyuo na fani kufanya kazi pamoja: kwenye kampasi, kwenye ofisi za komini (serikali za mitaa), hata ndani ya teksi. Mengine yana punje ya ukweli. Mengi hayana.

«Vumbi la migodi ni shauri la madaktari.»

Tanuru la shaba liliwashwa hapa mwaka 1911, enzi za kampuni ya migodi ya Kibelgiji, Union Minière, ambayo baadaye iligeuka Gécamines, kampuni ya serikali. Upepo wa mji huu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miongo mingi moshi ulishukia upande wa kaskazini-magharibi, na mtaa wa Penga Penga uko kwenye njia yake. Udongo wa huko umebeba shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki.

Sasa mchukue mama wa mtaa huo mwenye matuta ya lengalenga (mchicha) nyuma ya nyumba. Mtaalamu wa udongo atamwambia ardhi yake ina risasi kiasi gani. Wa kilimo atamwambia kiasi kilichonyonywa na mizizi na kiasi ambacho ni vumbi tu juu ya jani. La juu linatoka ukiosha; la ndani halitoki hata uoshe mara tatu, ingawa watu wengi wanaamini maji yanamaliza yote. Daktari atapima mkojo wa mtoto wake. Yeye mwenyewe ana swali moja tu: nilime au nisilime, na nisipolima tutakula nini na bukari (ugali)? Hapo unahitaji mtu wa uchumi, na wa sheria pia, maana huenda hata kiwanja si chake. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamejaribu huko huko Penga Penga kuotesha nyasi aina ya Microchloa kunthii, udongo ukiwa umechanganywa na chokaa na mboji, ili ardhi ifunikwe na vumbi lisipeperuke. Ni kazi nzuri sana. Ila nyasi haiingii sufuriani, na swali la mama bado liko pale pale.

«Maabara ndiyo inasema kweli, maswali ya mdomo ni hadithi tu.»

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu waliosoma ndio wanaoisema.

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi. Watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana kwa macho walilinganishwa na 108 wasio na kasoro. Madini yalipimwa kwenye mkojo wa mama na kwenye damu ya kitovu, kwa mashine za kisasa. Matokeo? Kwa madini mengi, kobalti ikiwemo, vipimo havikuweza kutenganisha makundi hayo mawili. Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni jibu la swali la mdomo: baba anafanya kazi gani? Pale ambapo baba alikuwa na kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa mkubwa zaidi ya mara tano. Makadirio hayo yana upana mkubwa, na uhusiano si ushahidi kwamba kazi ndiyo chanzo. Lakini ukiliondoa swali lile, kinachobaki kwenye chupa ni kidogo.

Na kuuliza kazi ya baba hapa kwetu kunataka ufundi. Mwanaume huyo huyo anachimba mwezi huu, mwezi ujao anapakia magunia, kisha anaendesha pikipiki. Fomu yenye kisanduku kimoja cha «kazi» itaandika «dereva», na mgodi umeshapotea. Anayejua kulinyoosha swali kama hilo amesomea sayansi za jamii, si kemia.

«Ushirikiano ni kila profesa kuandika sura yake.»

Huko ni kubana karatasi kwa stepla. Ushirikiano wenyewe huanza kabla ya sampuli ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu Katanga, eneo letu hili la migodi, ulilinganisha watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, wanaoishi kati ya kilomita 3 na 10, na wengine wa mbali, yapata kilomita 400. Kobalti iliyokutwa kwenye mikojo ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Huwezi kufika hapo bila ramani na chupa ya mkojo kutoka ofisi moja. Ukichota udongo Julai, wakati vumbi limejaa hewani, halafu ukapima watu Januari katikati ya mvua, umepata orodha mbili zisizojuana.

«Wazungu wanatafiti, sisi tunabeba chupa.»

Malalamiko haya hayakutoka hewani. Pesa na mashine nyingi ziko ng'ambo. Hata hivyo, kazi ile ya 2009, pamoja na ile ya 2018 kuhusu mtaa wa Kasulo kule Kolwezi, mji mwingine wa migodi, zilizofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, mwandishi wake wa kwanza ni Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU.

«Fakulte zimetengana tangu mwanzo, ndivyo elimu ilivyo.»

Zilitenganishwa kwa amri. Mwaka 1971 vyuo vya nchi viliunganishwa kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kila mji ukapewa fani zake: udaktari Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi. UNILU ikarudi kusimama peke yake mwaka 1981. Miaka kumi inatosha kumfanya mtu asahau jirani yake wa korido.

«Serikali haisomi, basi tunajichosha.»

Serikali ipi? Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, 15% ya mrabaha (malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba) huenda kwa komini, au sekta huko vijijini, yenye mgodi na 25% kwa jimbo, na kampuni lazima itenge angalau 0.3% ya mapato ya mauzo kwa miradi ya wakazi. Kwa hiyo wapi pachimbwe kisima, wapi pajengwe kituo cha afya, huamuliwa karibu na sisi kabisa. Mjiolojia anajua maji ya wapi yameharibika. Mwenzake wa sosholojia anajua kwa nini akina mama wataendelea kwenda mtoni hata kisima kikiwepo. Mkuu wa komini hawezi kusoma tasnifu ya kurasa 200 iliyoandikwa kwa ajili ya juri la maprofesa. Anaweza kusoma ukurasa mmoja wenye ramani, njia mbili tatu na gharama zake. Na uwe umemfikia mapema, maana kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ndicho cha bajeti. Ukifika Januari, pesa zimeshagawanywa.